Uchungu wa kahawa usipotee: tamutamu za Kiitaliano katika jiko la Malindi

Watu wakionja tiramisu yangu, ile tamutamu ya Kiitaliano ya biskuti zilizochovywa kahawa na kupangwa na krimu, swali la kwanza huwa ni mascarpone: naipata wapi, na ni shilingi ngapi. Ni nadra mtu kuniuliza kahawa ni ipi, na kumbe kazi yote iko hapo. Jibini ile ya malai unaweza kuitengeneza mwenyewe ikawa tayari asubuhi, biskuti zinapatikana, mayai yapo. Kahawa ikiwa nyepesi, au ikitiwa sukari nyingi, utakuwa umetengeneza keki baridi ya rangi ya udongo, basi.

Sisi watu wa pwani tusingehitaji kufundishwa hili. Kahawa yetu ya barazani, ile ya dele na vikombe vidogo visivyo na mkono, ni tungu. Utamu huwekwa kando: kipande cha halua, kashata, tende. Unauma tamu, unapiga funda la chungu, na ulimi unapata vyote viwili bila kimoja kukifunika kingine. Waitaliano wamepiga hesabu hiyo hiyo, ila wao wameviweka vyote kwenye kijiko kimoja. Tangu nilielewe hilo, vitindamlo vyao vya kahawa naviona kama ndugu wa tumbo moja: kahawa chungu, kitu chenye mafuta au barafu, na sukari kwa kiasi.

Haya nimejifunzia Malindi, Italia sijafika. Asiyeujua mji wetu huenda akashangaa. Waitaliano wako huku tangu miaka ya 1960, walipokuja na kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni, kwenye majukwaa yaliyosimamishwa baharini. Satelaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ya Wamarekani, ambayo ilipewa jina Uhuru kwa sababu siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Wahandisi wakarudi kwao na habari za bahari, wakaja wengine kwa likizo, wengine wakajenga kabisa. Leo Malindi na Watamu zina maduka ya aiskrimu, mikahawa ya espresso, na vijana wa ufuoni wanaozungumza Kiitaliano ambacho hawakukisomea darasa lolote. Mimi nilifanya kazi ya jikoni kwa miaka kadhaa katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa upande wa Treviso, kaskazini mwa Italia. Sote tulimwita Signora, nami nitamwita hivyo hapa.

Kifaa chake cha thamani hakikuwa mashine kubwa ya espresso. Kilikuwa moka, ile birika ndogo ya alumini yenye pande nane ambayo Alfonso Bialetti aliitoa mwaka 1933 na ambayo nyumba nyingi za Italia zinayo hadi leo. Moka haitoi espresso halisi. Mashine ya mkahawani husukuma maji kwa shinikizo la baa 9 hivi. Moka haifiki hata 2. Lakini kwa tamutamu za nyumbani inatosha na kuzidi, na duka lolote la vyombo lenye bidhaa za nje huwa na mojawapo, hata kama si ya kampuni ile.

Namna ya kuipika nimeiona mara nyingi mno hata naweza kuifanya gizani. Maji yasipite ile valvu ndogo iliyo ubavuni mwa chumba cha chini. Unga wa kahawa ujae kikapu, usawazishwe kwa kidole, usishindiliwe. Moto uwe mdogo, mdogo kuliko unavyodhani, na kifuniko kiachwe wazi ili uone. Kwanza hutoka matone meusi, mazito, yanayotambaa taratibu kwenye shingo ya birika. Kisha unakuja mkondo wa rangi ya asali. Ukianza kupauka na kuingia povu, toa motoni pale pale. Usingoje birika ikorome. Signora alikuwa akisema, "Ukiisikia inalia, imeshaungua," na kahawa iliyoungua alikuwa akiimwaga kwenye maua bila huruma, hata kama wageni wameshakaa mezani.

Yale matone ya kwanza yana kazi yake. Unayachukua vijiko viwili vya chai, unayatia kwenye kikombe chenye vijiko vinne vya sukari, na unapiga kwa kijiko mpaka mchanganyiko unageuka povu zito la rangi ya karanga. Waitaliano huliita cremina, na huligawa juu ya vikombe vya kahawa. Mimi huliweka juu ya aiskrimu ya vanila, na watoto wa nyumba nzima hunizunguka.

Kuhusu kahawa yenyewe nina maneno. Sisi Kenya tunajivunia arabika ya Nyeri na Kirinyaga, na ni haki yetu, lakini ile ya kukaangwa kidogo ina ukali fulani wa matunda. Ukiinywa peke yake ni raha. Ukiikutanisha na malai, hugeuka kuwa kama maziwa yaliyoanza kuchacha. Waitaliano wengi huchanganya arabika na robusta, ambayo ni nzito na chungu zaidi, na Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, nchi ya robusta. Kwa hiyo dukani tafuta kahawa iliyokaangwa hadi ikaiva sana, yenye rangi ya chokoleti nyeusi, na ukipata yenye robusta ndani usiidharau. Iliki na tangawizi waache wapumzike siku hiyo. Nimeonja tiramisu ya iliki kwenye harusi moja. Haikuwa mbaya, ila ilikuwa kitu kingine.

Tiramisu nitaielezea kwa urefu maana ndiyo inayoagizwa kila mara. Inavyojulikana leo ilitoka kwenye mkahawa wa Le Beccherie mjini Treviso mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkahawa wa familia ya Campeol, na mpishi wa tamutamu pale alikuwa Roberto Linguanotto. Jirani zao wa Friuli wanadai ni yao, na mwaka 2017 ilipoingizwa kwenye orodha ya vyakula vya asili vya mkoa huo, watu wa Veneto, mkoa wenye Treviso, walikasirika waziwazi. Signora, kama mtoto wa Treviso, hakutaka hata kuusikia upande wa pili. Kwangu mimi ugomvi huo una faida moja: mapishi ya Treviso hayana pombe. Ni viini vya mayai, sukari, mascarpone, biskuti za savoiardi (zile nyepesi, ndefu kama vidole), kahawa na kakao. Mvinyo wa Marsala na ramu vimeingia kwa mikono ya watu wengine. Mteja Mwislamu akiniuliza kama nimeondoa kitu, namwambia sikuondoa chochote. Nimeipika kama ilivyokuwa kwao.

Vipimo vya Treviso ni vya karamu: viini 12, sukari nusu kilo, mascarpone kilo 1, savoiardi 60. Nyumbani nagawanya kwa tatu, kisha sukari naipunguza tena hadi gramu 100. Ile ya asili ni tamu mno kwa ulimi wangu, na uchungu wa kahawa unapotelea humo.

Mascarpone ya dukani ikipatikana huku, bei yake inakatisha tamaa. Mimi hununua krimu ya kupiga yenye mafuta asilimia 35 hivi, nusu lita, naipasha kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayofuka. Ikifika nyuzi 85, au usipokuwa na kipimajoto, ikianza kutoa moshi na viputo vidogo pembeni bila kuchemka, natia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau. Endelea kukoroga kwa dakika chache. Usitarajie igandane vipande kama maziwa yanavyofanya. Itazidi kuwa nzito tu, ishike mgongo wa mwiko, na ukipitisha kidole ibaki njia. Iache ipoe, imwage kwenye kitambaa cha melimeli kilichotandazwa juu ya chujio, iingie friji usiku kucha. Asubuhi utakuta maji kidogo chini na juu yake malai mazito, meupe, yanayokatika kwa kijiko. Ndimu yetu pia inafaa, ila ina harufu kali, tia pungufu.

Mayai ndiyo mahali ambapo mimi na Signora hatukuwahi kukubaliana. Yeye alipiga viini vibichi na sukari, akachanganya, akamaliza. Kwao, alisema, kila yai limepigwa mhuri wenye namba ya kuonyesha kuku amefugwaje, 0 hadi 3, na herufi za nchi. Ni kweli, ndiyo sheria ya Ulaya. Lakini namba ile haisemi kama yai lina vijidudu, na huku kwetu yai limeshinda dukani kwenye joto kabla sijalileta nyumbani. Kwa hiyo viini na sukari navipiga juu ya mvuke, mashine ya mkono haiachi kuzunguka, mpaka viwe vizito, vipauke, na kipimajoto kisome zaidi ya 70. Kisha naondoa bakuli, naendelea kupiga hadi lipoe kabisa. Kazi inaongezeka dakika 10. Usichanganye na mascarpone kabla ya kupoa. Malai hayo yakiguswa na joto yanalegea na hayarudi tena. Na yasipigwe sana. Kunja kwa mwiko, taratibu, hadi mabonge yapotee, kisha simama.

Savoiardi zinauzwa kwenye supamaketi za mji, na zisipopatikana nakata keki nyeupe ya kawaida vipande virefu vyembamba, navikausha ndani ya ovena yenye moto mdogo hadi vilie vikivunjwa. Biskuti za Marie wapo wanaozitumia. Mimi sizipendi hapo, hazinyonyi kahawa sawasawa.

Sasa kuchovya. Kahawa iwe imepoa kabisa na isiwe na sukari. Imwage kwenye sahani bapa, si kwenye bakuli la kina. Laza biskuti, igeuze, itoe. Ni muda wa kutamka bismillahi na si zaidi. Ukitaka kujua kama umepatia, chovya moja ya majaribio, ingoje kidogo, kisha ivunje katikati: pembeni pawe pameloa rangi ya kahawia, na ndani kabisa ubaki mstari mwembamba mkavu, wa rangi ya njano. Huo mstari utamalizwa na unyevu wa krimu usiku, ndani ya friji. Biskuti iliyoloa hadi moyoni itatema kahawa, na kesho utaona dimbwi chini ya sinia. Tabaka la biskuti, tabaka la krimu, tena biskuti, tena krimu. Kakao ichungwe juu wakati wa kupakua tu, kwa sababu ikilala nayo inaloa na kugeuka madoa.

Joto la Malindi lina sheria zake. Mwezi wa Machi tiramisu haikai mezani hata nusu saa. Sinia langu huwa la chuma, lililolala friji, na nikipeleka oda Watamu linasafiri ndani ya kisanduku cha samaki chenye barafu, kilichosafishwa kwa ndimu na chumvi hadi kikasahau kazi yake ya kwanza. Dereva wa tuktuk namlipia safari nzima peke yangu, asije akanipandishia abiria njiani.

Affogato ni jambo la dakika moja. Aiskrimu ya vanila, kahawa ya moka inayotoka motoni, kiasi cha mililita 30 kwa donge moja, mimina, kula. La muhimu ni gilasi: ilale friza tangu asubuhi, na aiskrimu iwe ngumu kama jiwe, maana huku ikilegea kabla ya kahawa kufika utakuwa unakunywa maziwa. Oda yake siichukui, hata nikibembelezwa. Haisafiri.

Granita, barafu ya kahawa ya kukwangua, ndiyo naipenda kuliko zote, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Kule Sicily, hasa Messina, watu huila asubuhi kama kifungua kinywa, ikiwa na malai yaliyopigwa juu na mkate laini wa siagi na mayai pembeni wa kuchovya. Nilipomsimulia shangazi yangu kwamba kuna watu wanaamka na barafu ya kahawa na mkate, aliguna, akasema, "Wana akili hao, kwao kuna joto." Kahawa kali nusu lita, sukari gramu 100 hadi 120 iyeyushwe ingali moto, ipoe, imwagwe kwenye sinia la chuma, iingie friza. Kila baada ya nusu saa unapita na uma, unakwangua kutoka pembeni kuja katikati. Sukari hapa si ya utamu peke yake. Ndiyo inayozuia maji yasigande yakawa bonge. Ukitia kidogo mno utapata jiwe, ukizidisha itabaki uji. Baada ya saa tatu hivi una chembechembe nyeusi zinazong'aa, zinazolia kwenye kijiko. Stima ikipotea katikati ya kazi, si msiba: granita iliyoyeyuka unairudisha friza na unaanza tena kukwangua, na ladha yake ni ile ile. Tiramisu haina msamaha huo.

Malai ya juu yake yasitiwe sukari hata chembe. Hapa watu hubisha nami, halafu wakionja wananyamaza.

Panna cotta ya kahawa inatoka upande wa Piemonte, na kwa dada zetu wanaopika faluda ya Ramadhani hakuna jipya la kujifunza ila kahawa. Krimu na maziwa nusu kwa nusu, jumla nusu lita, sukari vijiko vitatu vya chakula, kahawa ya moka kikombe kidogo, na kitu cha kugandisha. Waitaliano hutumia karatasi za jelatini, na nyingi kati ya zile zinazouzwa kwao hutokana na nguruwe. Soma pakiti, na isiposema imetokana na nini, iache dukani. Mimi natumia chaina grasi, ile ile ya faluda, ambayo inatokana na mwani. Na nje ya suala la halali, kwa mji wetu ni bora kwa sababu nyingine kabisa. Jelatini huanza kuyeyuka kwenye joto la mwili wa mtu, hata chini yake kidogo, na Malindi saa nane mchana haiko mbali na hapo. Chaina grasi ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85. Unaweza kuipakua, ukasali, ukarudi, ukaikuta imesimama.

Ubaya wake ni kwamba ikizidi inakuwa ngumu na inakatika kama raba. Faluda yetu huwa ngumu, tumeizoea hivyo, tunaikata vipande. Panna cotta inatakiwa itetemeke. Kwa nusu lita hiyo, unga wa chaina grasi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kama gramu 2. Uchemshe kwenye maziwa peke yake dakika mbili kamili, kwa kuwa isipochemka haigandishi, kisha ndipo utie krimu ikiwa vuguvugu na kahawa mwisho. Krimu ikiwa baridi kutoka friji, mchanganyiko unaganda papo hapo kwa vinundu. Mimina kwenye vikombe vile vile vya kahawa tungu. Saa mbili friji zinatosha. Juu sitii karameli. Natia matone machache ya kahawa na punje za halua nyeusi zilizosagwa kwa vidole, na hilo Signora hakulifundisha, ila alilila.

Kuna moja nimeiacha mwisho kwa sababu wengi hawaamini mpaka waione. Waitaliano wana krimu ya kahawa isiyo na krimu: maji baridi kabisa, kahawa ya unga ya kuyeyuka, na sukari ya unga. Bila maziwa, bila yai. Chukua maji ya barafu mililita 200, kahawa ya kuyeyuka vijiko viwili vya chakula vilivyojaa, sukari ya unga gramu 80, piga kwa mashine kwa kasi ya juu. Mwanzo ni maji meusi yanayorusha matone ukutani. Endelea. Baada ya dakika tano hivi yanapauka, yanapanda, yanakuwa povu zito linalosimama kwenye kijiko. Bakuli na vipigio viwe vimelala friza kwanza. Hapa ndipo mahali pekee ambapo sukari siipunguzi, kwa kuwa ndiyo inayolishika povu lisianguke. Kahawa ya kuyeyuka ya Bukoba, ile Africafe ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaijua tangu utotoni, inafanya kazi hii vizuri sana. Ni chungu hasa. Liweke kwenye vikombe, lirudishe friza saa moja, lile mara moja. Ukiliacha nje litajitenga, povu juu na maji chini, ingawa ukilipiga tena huwa linarudi.

Kwa asiye na friji ya kuaminika, au asiyetaka kugusa mayai na malai, ningemwanzishia hiyo, kisha granita. Tiramisu aingoje mwezi wa Julai, kusi ikivuma na jikoni kuna ubaridi kidogo, na asianze na sinia la watu kumi. Vikombe vinne vinatosha, biskuti mbili mbili kila kikombe, na kahawa itakayobaki kwenye sahani anywe mwenyewe akisubiri.